Valizi katika Ufalme wa Kale

Kosa langu la kwanza katika manga lilikuwa kusoma. Msicheke, wajukuu. Nyinyi mnaochora kwa kidole kwenye kioo cha simu mmejua tangu utotoni kwamba manga, vitabu vya michoro vya Wajapani, husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kwamba mwanzo wao uko pale sisi tunapomalizia. Mimi nani aliniambia? Nilikuwa mchoraji wa vibao vya saluni na maduka hapa Kamina, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, kucha zimejaa rangi ya mafuta. Mwalimu mmoja aliyehamia Lubumbashi aliniachia manga tatu za Kifaransa kwa sababu hazikuenea kwenye mzigo wake. Nikazifungua kama ninavyofungua Biblia. Ukurasa wa kwanza shujaa amekufa, watu wanalia. Katikati anapigana. Mwishoni ni mtoto mdogo anakula wali. Majibu yalikuwa yanakuja kabla ya maswali, lakini nikadhani Kifaransa changu ndicho kibovu.

Wiki nzima nilitembea na mshangao. Nikajiambia, hawa watu wana akili sana: wanaanza na maziko, halafu wanamtafuta marehemu alikotoka! Na mimi nikaanza hivyo hivyo. Hadithi yangu niliiita Wavu wa Ngoie. Ilikuwa ya zamani sana, ya ufalme wa ziwa nilioubuni mwenyewe, na ya binti mvuvi aliyekuwa na wavu unaonasa maneno ya wafu badala ya samaki. Katika toleo la kwanza nikamzika Ngoie, tayari malkia, tayari mzee. Watu wakanunua la pili ili wajue alikufa na nini. La tatu wakanunua kwa sababu hilo la pili halikusema.

Aliyenifungua macho ni Mukendi. Huyu alikuwa karani katika ofisi moja ya mjini, kijana wa miaka thelathini na kitu, tai shingoni hata siku ya soko, na mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuuona. Wazazi wake walikuwa watu wa Kasai waliofanya kazi kwenye miji ya migodi ya huku Katanga, wakafukuzwa yeye akiwa mtoto. Alirudi Katanga mtu mzima, akapata kazi hapa. Nilimwomba aniandikie maneno kwenye michoro, kwa sababu herufi zangu zilikuwa za vibao vya saluni: kila neno lilionekana kama linauza mafuta ya nywele.

Siku ya kwanza alipokuja nyumbani alichukua moja ya zile manga, akaifungua kwa nyuma, akasoma kurasa mbili, akanitazama.

"Mama Numbi, hii kitabu unasomaka namna gani?"

"Namna ya bantu bote. Nimeisoma mara sita."

"Mara sita ku upande mubaya," alisema kwa upole. "Weye ulianza tu na mwisho."

Nilikaa chini. Matoleo manne yalikwisha kutoka. Malkia nilikwisha kumzika, ningemfufuaje? Tukaamua kuendelea vile vile, na mpaka leo kuna watu Kamina wanaosema kwamba Mama Numbi ndiye aliyevumbua hadithi ya kinyumenyume. Sijawahi kuwasahihisha.

Sasa sikilizeni jambo la kazi. Yale maduara ya maneno yanayotoka midomoni mwa watu, sisi tuliyaita mayai. Chora yai kwanza, kichwa baadaye. Mimi nilichora vichwa kwanza, vizuri kabisa, na mashavu na makovu, kisha Mukendi akaja na maneno yake akakosa pa kuyaweka ila juu ya pua ya mfalme. Tena punguza maneno. Mukendi alikuwa na rula na kifutio, na alifuta alama za mshangao kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. "Juu ya nini bantu bote banalia makelele?" aliniuliza. "Hata huyu anasalimia tu."

Na wakati wa mvua, karatasi hunyonya unyevu na wino unatambaa kama mizizi. Kausheni karatasi kando ya mbabula, jiko la makaa, lakini msiende kupiga soga kwa jirani. Mimi nilienda. Niliporudi, ukurasa wa saba ulikuwa na tundu jeusi katikati. Nikalizungushia meno, likawa mdomo wa nyoka wa ziwa. Wasomaji walisema ndiye nyoka wa kutisha kuliko wote niliochora. Wajukuu, hata kumwiga yule nyoka kwa kalamu sikuweza tena.

Mtaniuliza nilikuwa hodari wa nini. Nyuso. Maji. Na namna mwili unavyobeba kitu kizito: nilijua kutofautisha mgongo wa mwenye gunia la mahindi na mgongo wa mwenye gunia la makaa. Nani aliyenifundisha? Hakuna. Jicho langu likiona kitu, mkono unakitunza hata kama kichwa kimekisahau. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililonipa jina na ndilo lililoniaibisha.

Ila miguu sikuijua kamwe. Jeshi langu zima lilipigana katika majani marefu. Kama si majani, ni maji ya magotini; kama si maji, ni vumbi. Aliyenikamata ni Mama Béa, mke wa ajida, askari mwenye cheo kule kambi ya jeshi. Alikuwa na mashine ya fotokopi na kijenereta. Ndiye aliyetuzalishia nakala, akabana kurasa kwa pini na kuuza kambini na sokoni. Ametoka Mbandaka, na Kiswahili chake kilivaa Kilingala.

"Mama Numbi, hii armée, hii jeshi yako, iko na miguu te, hakuna!" aliniambia mbele ya wateja. "Bwana yangu anasema, hawa baaskari banaota mu udongo sawa mihogo?"

Jumamosi iliyofuata alinipeleka kambini. Ajida aliwapanga uani wake wanawake wanane wa jirani, kila mmoja na mti wa kutwangia badala ya mkuki, akawa anawapigia amri kama wanakwenda mstari wa mbele. "Mguu wa kushoto, mbele! Weye mwenye mutoto ku mugongo, kifua juu! Mutoto pia, kifua juu!" Nilichora mpaka vidole vikakakamaa. Siku ile nilijifunza kwamba mtu anayesukuma mkuki, kisigino chake cha nyuma huinuka kutoka ardhini. Kikikaa chini, huyo anapanga foleni. Baada ya hapo nilichora visigino kila mahali. Pengine vilikuwa vinne kwa askari watatu, lakini vilikuwepo.

Udhaifu wa pili ulikuwa mbaya zaidi, nao ulikuwa wakati. Anayetunga mambo ya kale yaliyotiwa uchawi anafikiri kazi ngumu ni uchawi. Sivyo. Samaki akisema, msomaji anakubali. Kazi ngumu ni vitu vidogo visivyo vya enzi ile. Nilikwenda Kinkondja kuchora ziwa, nikakaa siku tatu nikinakili mitumbwi, vichanja vya kukaushia samaki, wanawake wakipaa magamba. Toleo la sita lilipotoka, barua ikaja kutoka kwa mzee mmoja msomaji wa Kabongo. Aliandika kwa heshima nyingi: "Tunafurahia sana hadithi. Tunaomba kujua, katika ufalme huo wa kale, baiskeli iliyoegemea kibanda cha malkia ilikuwa ya nani?"

Nikakimbilia ukurasa. Kweli, ilikuwepo. Na kengele yake. Na kapu la samaki nyuma, limefungwa kwa mpira. Jicho liliiona Kinkondja, mkono ukaileta Kamina, mimi sikuwa na habari. Mukendi alicheka mpaka akavua tai. Toleo lililofuata tulilazimika kusema kwamba yule alikuwa mnyama wa chuma aliyetabiriwa na wafu. Wasomaji walimpenda. Tukamtunza matoleo matatu, kisha akaliwa na yule nyoka.

Basi, mambo yakaendelea vizuri mpaka vita vya ziwa, katika hadithi, vilipokwisha. Ngoie amekaa kwenye kiti, watu wanakula, hakuna shida. Mama Béa akanijia juu: kambini wanasinzia, lete adui.

Nikamleta. Niliwabuni Watu wa Machweo. Walitoka upande jua linakozama. Walisema haraka haraka, walijua hesabu, waliingia baraza la malkia mmoja mmoja, wakashika kalamu, wakashika funguo za ghala, mpaka watu wa ziwa wakakosa hata kigoda. Katika toleo la tisa watu wa ziwa wanaamka na kuwafukuza. Nilizifanya kurasa kumi na moja kwa mwezi mzima, sikujibu hodi wala salamu. Nawaambia bila kujisifu: sikuwahi kuchora vizuri vile, kabla wala baada. Umati ule ulikuwa unatembea. Ungeweza kusikia miguu yao.

Mukendi alichukua kurasa Jumatatu. Kwa kawaida alizirudisha baada ya siku tatu. Safari hii zilipita nane. Alipokuja aliziweka mezani, akabaki amesimama.

Nikapekua. Mayai ya malkia yamejaa. Ya majemadari yamejaa. Hata kunguru amepewa neno lake. Mayai ya Watu wa Machweo yote yalikuwa meupe.

"Umesahau hawa," nikasema.

"Sikusahau."

"Wino iliisha?"

"Wino iko." Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya tai. "Mama, bale bantu minyi siwezi kubatia ile maneno ulinipa. Nilikaa na kalamu siku nane. Mukono unakatala."

Nikakasirika. Siwafichi. Mtu ametoka kuchora kazi bora ya maisha yake, anasubiri sifa. "Mukendi, hii ni hadithi! Hakuna muntu wa leo ndani. Ni zamani za kale, mbele ya bazungu, mbele ya kila kitu!"

Akaweka kidole juu ya ukurasa. "Zamani za kale, bantu balikuwa na valizi?"

Nikainama kutazama. Katika umati wa waliofukuzwa, juu ya vichwa, zilikuwepo valizi, masanduku ya safari. Si moja, ni tisa. Valizi za pembe za bati, zimefungwa kamba kwa sababu kufuli limevunjika. Kila kamba nilikuwa nimeipitisha wino mara mbili.

Tulicheka. Kicheko kilitutoka kwa mazoea, kama siku ya baiskeli. Kisha nikaona kwamba ninacheka peke yangu.

"Na huyu," alisema. Alimgusa mwanamke wa mbele, aliyebeba chungu kichwani, mkono mmoja juu, mwingine unamvuta mtoto. "Chungu hawabebake vile. Angalia vidole vinne chini, kichwa kimelala kiloko, kidogo hivi. Ile ni masini ya kushona. Iko na uzito ku upande wa gurudumu. Mama yangu alibeba ya kwake vile, toka ku gare, ku stesheni ya treni, mpaka ku kanisa kwenye tulilala."

Nyinyi hamkuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini familia za Kasai zilifukuzwa na wenyeji wa Katanga kutoka miji ya migodi, eti ni wageni waliochukua kazi zote, wengi wao wamezaliwa huku huku, hawakujua Kasai ikoje. Walipita hapa Kamina. Walikaa kando ya reli siku na wiki wakingoja treni, na walichonacho ni kile kichwa kiliweza kubeba. Mimi nilikuwa nakaa jirani na stesheni. Niliwaona. Miaka ikapita, nikaolewa, nikazaa, nikachora vibao, nikaamini nimesahau. Na siku nilipohitaji adui wa kubuni, mkono ukanitolea watu wale wale, ukawavika majoho, ukawaita wabaya, na mimi nikafikiri ninaumba.

Nikamwambia Mukendi nitazichoma. Mbabula ilikuwa pale pale, imewaka.

"Hapana," alisema. "Nipe."

Akazitia kwenye bahasha ya ofisi, akaaga kwa adabu, akaenda. Nilijua nimempoteza.

Mama Béa alipata habari akaja mbio. "Kumi na moja! Mama, base, kambi nzima, inangoja! Mi nitabauzia nini, karatasi ya bure?" Nilimweleza. Alivuta kigoda akaketi. Kisha akasema kwamba yeye pia, kila bwana wake anapohamishwa kambi, anafika mahali wanamwita mgeni kabla hajatua beseni. Hakudai tena kurasa.

Wiki mbili zikapita. Jumapili moja baada ya misa, Mukendi akaingia, akavua koti, akakaa mahali pake pa siku zote.

"Basi adui ni nani sasa?" aliuliza.

Nilitaka kulia, lakini Mama Béa alikuwepo, akawahi. "Weka kiboko. Kiboko kila muntu anamwogopa."

"Kiboko anafanya nini?" nikauliza.

Mukendi akafikiri. "Weka ni karani," alisema.

Ndivyo alivyozaliwa Kiboko Karani, mjukuu wangu mpendwa kuliko wote wa karatasi. Alikaa kwenye mdomo wa ziwa, tumbo juu ya meza, hakuruhusu tone la maji kupita bila karatasi. Mukendi alimpa mayai makubwa kuliko ya malkia. Maneno yote aliyoyasikia ofisini katika maisha yake aliyamwaga pale: "Shefu haiko." "Rudia kesho." "Hii muhuri ni ya zamani." "Ile ya mpya haiyafika." Malkia Ngoie, mwenye wavu wa kunasa sauti za wafu, alipanga foleni kurasa sita. Mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye mstari alizeeka, akafa, na mzimu wake ukarudi kushika nafasi ile ile.

Kamina ilipasuka kwa kicheko. Fotokopi ya Mama Béa iliungua siku hiyo hiyo, ikabidi kukimbilia nyingine.

Kisha akaja mkubwa wa ofisi moja, simtaji, na nakala mkononi.

"Mama, huyu kiboko ni minyi," alisema akijigusa kifua.

"Hapana, shefu. Kiboko haina jina."

"Jina haina. Lakini iko na tumbo yangu, na saa yangu iko ku mukono."

Nikatazama. Saa! Kiboko wa enzi za kale alikuwa na saa ya dhahabu, mkanda na kila kitu. Nikamvutia kiti haraka, kwa maana mtu yule angeweza kutufungia kazi kwa saini moja. Mukendi akasimama, akanyoosha tai. "Shefu, kama ni malalamiko, tunaomba barua. Kopi tatu. Na muhuri."

Mkubwa alitoka amenuna. Kesho yake akaleta kopi tatu, zenye muhuri, akazikabidhi, akajikohoza. "Na mu kitabu yenye kufuata," aliuliza chini chini, "kiboko atarudia?"

Lakini sikuwaiteni niwaeleze ya kiboko tu. Kiangazi cha mwaka ule mama yake Mukendi alikuja kutoka Mbuji-Mayi, kule Kasai, kumtembelea mwanawe. Aliitwa Mama Ngalula. Mchana mmoja aliingia kwangu bila kupiga hodi, mwembamba, mgongo umenyooka, Mukendi nyuma yake akiwa amebeba ile bahasha. Alitoa ukurasa mmoja akauweka mezani.

"Weye njo Mama Numbi?"

"Njo minyi, mama."

"Huyu ni minyi?"

Nilikubali kwa kichwa.

"Nilikuwa na miaka makumi tatu na mbili," alisema. "Juu ya nini ulinitia mubibi?"

Mukendi alitazama dari.

"Na hii chungu, toa. Masini yangu ilikuwa mpya. Na kitambaa changu kilikuwa na ndege, hakikuwa na hii mistari. Leta karatasi."

Mashine ya kushona hatukuwa nayo. Tukachukua ndoo, tukatia mawe upande mmoja, akaipandisha kichwani mwenyewe. "Mama, shingo!" Mukendi alilalamika. "Nyamaza. Ile nilibeba na weye unalia mu mukono wangu. Kuya, njoo, simama pale." Karani mzima, na tai yake, akashikwa mkono na kusimamishwa kando yake, na naapa uso wake ulirudi kuwa wa miaka kumi. Nikaanza kuchora. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama yule mama kwa karibu: kovu dogo la sindano kwenye kidole gumba, kidevu kilivyokataa kushuka.

Nilifika kwenye vidole vinne, kalamu ikasimama.

"Mama," nikasema, "siku ile nilikuwa ku baraza yangu. Niliwaona munapita. Sikutoka hata na kopo ya maji."

Hakuweza kugeuza kichwa, kwa sababu ya ndoo. Alitazama mbele, mlangoni.

"Baraza zilikuwa mingi," alisema. "Zote zilikuwa na bantu."

Nje mtu alipita akivuta mbuzi.

"Chora, mama," alisema Mama Ngalula. "Shingo inauma."